Somo: Tengeneza mashine ya kura ya Athens kwa boksi, kisha uendeshe mahakama ya raia darasani

Tukifundisha demokrasia ya Ugiriki ya kale, wanafunzi huishia kukariri majina: Solon, Kleisthenes, Perikles. Mtihani ukipita, majina nayo yanapita. Mimi siku hizi naanzia kwenye vitu. Mwaka 1931 wanaakiolojia wa Kimarekani walianza kuchimba Agora, uwanja wa soko na wa shughuli za umma pale Athens, wakafukua vyombo ambavyo raia wa kawaida walivishika wakiwa kazini mahakamani. Ukivishika, hata vya kuigiza, unaelewa haraka jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa nyingi: Waathens hawakutaka haki itegemee wema wa mtu. Waliijenga ndani ya kifaa.

Nimelifanya somo hili na kidato cha pili. Vipindi viwili vinatosha, mradi boksi uliandae jana yake.

Tafuta: boksi gumu, wembe, kadi 25, mwanzi mwembamba (au karatasi iliyoviringishwa kama bomba), gololi nyeupe 2 na nyeusi 3, ndoo mbili, vifuniko vya soda, kalamu zilizoisha wino na vijiti vya unene uleule.

Hatua ya 1: Kitambulisho

Kila mwanafunzi aandike kwenye kadi jina lake, jina la baba au mlezi, na mtaa au kijiji chake. Pembeni aongeze herufi, A hadi E. Gawa herufi sawasawa, watano kwa kila moja.

Mwathens aliyeapishwa kuwa mwamuzi alikuwa na kibao cha aina hii, pinakioni, na katika karne ya 4 KK vilitengenezwa vya bronzi. Baadhi ya vilivyopatikana vimefutwa jina la zamani na kuandikwa jipya juu yake: zamu ya mmoja imekwisha, mwingine kakipokea. Na vingi vimetoka makaburini. Hapo huwa nanyamaza kidogo darasani, niwaache wafikirie ni mtu wa namna gani anayezikwa na kibao chake cha mahakama.

Hatua ya 2: Mashine yenyewe

Hii ndiyo kiini cha somo, usiiharakishe.

Simamisha boksi. Chana nyufa 25: safu 5 za kwenda chini, kila safu nyufa 5, kila ufa mpana wa kutosha kadi isimame. Juu ya safu andika A, B, C, D, E. Ubavuni funga mwanzi wima, na chini yake weka kizuizi unachoweza kuvuta ili gololi itoke moja tu.

Kusanya kadi za A pamoja, za B pamoja, na kuendelea. Zichanganye, mwanafunzi mmoja azichomeke kwenye safu ya herufi yake, toka juu kwenda chini. Mwingine amimine gololi zote tano mwanzini zikiwa zimechanganyika.

Sasa toa gololi ya kwanza. Nyeupe? Watano wote wa mstari wa juu ni waamuzi wa leo. Nyeusi? Wote watano warudishiwe kadi zao, waende nyumbani. Toa ya pili kwa mstari wa pili, hivyo hivyo hadi chini. Gololi nyeupe mbili zinakupa waamuzi kumi.

Wagiriki waliiita kleroterioni, na ilikuwa bamba la jiwe. Kipande kikubwa cha mojawapo, chenye safu 11 za nyufa, kipo katika makumbusho ya Agora. Waulize wanafunzi: tajiri anayetaka kuhonga waamuzi, amhonge nani? Asubuhi ilipoanza hakuna aliyejua nani atachaguliwa. Hata aliyechaguliwa hakujua ataketi mahakama ipi, kwa sababu aliokota tunda la mwaloni lenye herufi ya mahakama, nalo kwa bahati. Na kwa kuwa mstari mmoja unachukua mtu kutoka kila safu, huwezi kupanga kuketi na marafiki zako.

Wakumbushe pia kwamba neno letu *kura* limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni hii hasa: bahati nasibu. Mtoto anayesema "tupige kura tuone nani aanze" yuko karibu na kleroterioni kuliko na sanduku la uchaguzi.

Hatua ya 3: Saa ya maji

Toboa ndoo moja karibu na kitako, ziba tundu kwa kidole, iweke juu ya meza. Ya pili iwe chini yake. Jaza lita 6 hivi. Mlalamikaji akianza kusema, toa kidole. Maji yakiisha, anakaa. Mshtakiwa apewe maji yaleyale.

Klepsidra, yaani saa ya maji, iliyopatikana Agora ina jina la Antiochis, kabila mojawapo la raia wa Athens, na alama ya ujazo wake, kama lita 6.4, ambazo humalizika kwa dakika sita hivi. Kwa kesi yetu, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, dakika sita ni nyingi. Ushahidi ukisomwa, ziba tundu; ndivyo walivyofanya katika kesi za madai.

Hatua ya 4: Hukumu

Toboa vifuniko katikati. Nusu yake vipitishe kipande cha mrija wa kalamu, nusu kijiti. Kata pande zote mbili vilingane urefu. Kila mwamuzi apewe viwili, kimoja cha kila aina: chenye mhimili wazi ni kura ya mlalamikaji, chenye mhimili mzima ni ya mshtakiwa.

Mfundishe kubana ncha kwa kidole gumba na cha shahada. Ukibana hivyo, anayekutazama hawezi kujua umeshika kipi. Kimoja kinaingia chombo cha kuhesabiwa, cha pili chombo cha kutupwa. Kura zikilingana, mshtakiwa ameshinda.

Maswali niliyoulizwa

*Mwalimu, shikamoo. Tunajuaje mashine ilifanya kazi hivyo na si dhana tu?*

Marahaba. Maelezo yamo katika maandishi ya shule ya mwanafalsafa Aristotle kuhusu katiba ya Athens, yaliyopatikana kwenye mafunjo huko Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Mawe nayo yapo. Aliyeyaunganisha mawili hayo ni mtaalamu wa Kimarekani Sterling Dow, miaka ya 1930.

*Ina maana hata jemadari alipatikana kwa gololi?*

Hapana, na swali hili lazima litokee darasani. Majemadari 10 walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, na waliweza kurudia tena na tena. Kazi iliyohitaji ujuzi maalumu hawakuiacha kwa bahati.

*Wanangu wasichana waliuliza kadi zao zingeenda wapi.*

Zisingekuwapo, dada. Mwamuzi alikuwa raia mwanamume wa zaidi ya miaka 30. Wanawake, wageni wakazi na watumwa hawakuwa na kibao. Mimi hurudia hatua ya 2 mara ya pili nikiwa nimeondoa kadi za wasichana wote na theluthi ya wavulana. Boksi linabaki na nyufa tupu, na hakuna anayehitaji maelezo zaidi.

*Na vile vigae vya kumfukuza mtu mjini, mbona umeviacha?*

Vinastahili somo lake, ndugu yangu. Kwa kifupi: raia walikwaruza jina kwenye kigae, na kura zikifika 6,000, mwenye jina lililozidi aliondoka miaka 10, mali yake ikibaki yake. Ila ukiwa na muda, waonyeshe jambo hili: kwenye kisima karibu na Akropolis, kilima cha ngome ya Athens, vilipatikana vigae kama 190 vya kumfukuza mwanasiasa Themistokles, na miandiko yake ni ya watu wachache tu. Vilikuwa vimeandaliwa kabla. Gawa vigae vya aina hiyo mlangoni, vyenye jina tayari, usiseme neno, uhesabu wangapi watakataa kuvipokea.