Unguja na Pemba kwa Mfuko Mwembamba: Panga Safari kwa Mwezi, Maji na Daladala

Anayekuja Zanzibar kuandika na kupiga picha akiwa na pesa kidogo hupiga hesabu ya kitanda na chakula, halafu pesa zinamwishia kwenye teksi. Chakula si tatizo: bakuli la urojo au sahani ya wali na mchuzi wa samaki Ng'ambo (mitaa ya mjini nje ya Mji Mkongwe) havijamfilisi mtu. Kinachomaliza mfuko ni saa. Umekosa gari ya mwisho. Umefika ufukweni maji yamekupwa, ukalala siku ya pili ambayo hukuipangia. Umekwenda bandarini ukaambiwa boti ya Pemba ilikuwa jana. Kwa hiyo tunaanza na ratiba, na mengine yatafuata.

Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 na tarehe 15 pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Tarehe 7 na 8, kisha 22 na 23, ni maji mafu, bahari haipandi wala haishuki kwa kiasi hicho.

Jambo hili lina uzito hasa pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, Paje na Jambiani hadi Makunduchi. Huko mwamba uko mbali na ufukwe, na baina yao ni maji ya kina kifupi. Yakikupwa, unabaki na uwanda wa mchanga na majani ya bahari, kuogelea hakuna. Wengi wasiojua huondoka kwa hasira wakikodi gari kwenda kaskazini, na hapo bajeti ya siku tatu imekwenda kwa safari moja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Siku ya bamvua maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Kwa mfano mwezi 15 (tarehe 15 ya Kiislamu) kupwa ni saa 4 asubuhi. Mwezi 18 ni dakika 150 baadaye, yaani kama saa 6 na nusu mchana. Mwezi 22 ni karibu saa 10 jioni. Unaweza kukosea kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo ukifika hakikisha kwa mvuvi yeyote. Atakujibu bila kutazama simu.

Ukipata nafasi ya kuchagua, panga Paje na Jambiani ziangukie mwezi 15 hadi 18, au 1 hadi 4. Asubuhi utawakuta wakulima wa mwani, wengi wao kinamama, wakiwa kazini kwenye maji ya magotini, na mchana au jioni utaogelea hapohapo. Siku moja inakupa kazi mbili kwa nauli moja. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989 na kina habari nzito kuliko picha ya machweo: jinsi kamba zinavyofungwa kwenye vigingi, kwa nini aina ya kottonii yenye bei nzuri inakufa maji yanapopata joto, mwani huanikwa siku ngapi, kilo ya mkavu inauzwa kiasi gani. Mkulima aliyekaribia kukimbizwa na maji hana muda wa mahojiano, basi msalimie, omba ruhusa, saidia kubeba gunia, na maswali yaweke kwa wakati wa kuanika. Ukimchelewesha kazi, mlipe.

Vaa viatu vyenye soli ngumu. Kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi na miiba yao hukatikia ndani ya nyayo. Ukitembea kuelekea mwambani, geuka mara tu maji yanapoanza kurudi. Mikondo ya nyuma yako, kati ya wewe na nchi kavu, hujaa kabla ya pale uliposimama. Simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Hata kama haikulowa, chumvi huingia kwenye tundu la chaji, na chaji ikigoma Jambiani fundi yuko mjini.

Nungwi na Kendwa kina kinaanza karibu, kwa hiyo unaweza kuogelea karibu saa yoyote. Ndiyo sababu vyumba huko ni ghali. Ziweke kwenye siku za maji mafu, au uende asubuhi na kurudi jioni.

Daladala

Namba za kukumbuka Unguja: 116 Nungwi, 118 Matemwe, 206 Chwaka, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi, na 505 uwanja wa ndege. Magari ya shamba huanzia mjini, na vituo huhamishwa, basi siku moja kabla uliza gari yako inaondokea wapi. Nauli ni ya maelfu machache; safari hiyohiyo kwa teksi ni makumi ya maelfu.

Gari nyingi hulala vijijini. Huja mjini alfajiri na watu wa sokoni na skuli, hurudi shamba kuanzia katikati ya asubuhi. Kwa hiyo kutoka mjini, saa 3 hadi saa 8 mchana ni muda mzuri. Kurudi mjini ni kinyume chake: baada ya Alasiri zinapungua, na baada ya Magharibi usitegemee kitu. Anayetaka kupiga picha za machweo Nungwi na kulala mjini amejikatia tiketi ya teksi mwenyewe.

Njia zote ni kama vidole vya kiganja, zinakutana mjini. Kutoka Nungwi kwenda Jambiani utarudi mjini na kupanda nyingine, siku nzima imekwenda. Basi usizunguke kisiwa. Kaa mjini na utoke, au lala sehemu mbili tu. Msitu wa Jozani uko kwenye barabara ya Paje: shuka hapo asubuhi, tazama kima punju na njia ya mikoko, kisha simamisha gari nyingine kuendelea mashariki. Fanya hivyo ukiwa na mkoba mmoja wa mgongoni. Ukiwa na masanduku mawili, gari iliyojaa itakupita, na inayofuata pia.

Kaa na nauli kamili mkononi, na muulize abiria mwenzako bei kabla ya kumuuliza utingo. Mkoba unaokwenda juu ya paa ufunge ndani ya mfuko wa plastiki. Mvua ni sababu moja. Ndoo ya samaki ya jirani yako ni sababu kubwa zaidi.

Boti

Boti za kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa 2. Kata tiketi ofisini au mtandaoni kwa kampuni yenyewe, usikate kwa papasi, dalali wa mtaani, anayekuvuta getini. Bei za Mtanzania na za mgeni ni mbili tofauti, na tofauti hiyo iko pia kwenye viingilio vya hifadhi, kwa hiyo kitambulisho cha NIDA kisikae ndani ya begi lililopakiwa. Wageni wa kutoka nchi za nje hupita uhamiaji hata wakitoka Dar, na tangu Oktoba 2024 hutakiwa kuwa na bima ya lazima ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Ukisafiri na rafiki wa ng'ambo, ihesabu mapema.

Boti ya Unguja hadi Mkoani, Pemba, haiendi kila siku ya wiki. Pata ratiba ya wiki hiyohiyo, panga Pemba kwanza, kisha Unguja ijaze nafasi zilizobaki. Kinyume chake ndicho kinacholaza watu Mkoani bila sababu.

Kusi inapovuma, Juni hadi Septemba, mkondo wa baina ya visiwa huchafuka. Kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa hadi saa nzima kabla, kaa chini, katikati, upande wa nyuma. Chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi, kiache. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 na MV Skagit Julai 2012, na mamia ya watu walifariki. Nauli iliyopotea inarudi.

Kulala na kula

Mjini, gesti za Ng'ambo na pembezoni mwa Mji Mkongwe ni nafuu kuliko chumba chochote chenye neno "bahari" kwenye tangazo. Uliza bei ya mkaazi, kisha uliza kama chai ya asubuhi imo. Mkiwa mke na mume, bebeni cheti cha ndoa. Kuna nyumba za wageni, Pemba hasa, zisizowapa chumba kimoja bila hicho. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, vyumba vya pwani hushuka bei na baadhi ya hoteli hufungwa. Ukikubali mvua, ndio wakati wa kupatana.

Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku pembeni mwa Mji Mkongwe, nenda ukatazame na kupiga picha, unywe juisi ya miwa. Mshikaki wa samaki uliokaa mezani tangu jua kuzama, unaopashwa moto mbele yako kwa bei ya mgeni, uache. Kula ulipo msururu wa wenyeji: urojo mchana, supu ya pweza jioni, mkate wa kumimina na chapati asubuhi. Daima uliza bei kabla ya kukaa, hata kwa chungwa.

Ramadhani ni suala jingine. Mchana migahawa mingi ya wenyeji imefungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwakosea watu adabu na kunaweza kukuletea kesi. Nunua vyakula usiku, ule chumbani. Ila jioni, meza za futari huwa tele na bei zake ni za kawaida.

Pemba

Pemba inalipa kwa mwandishi kwa sababu wachache wameiandika. Fanya Chake Chake iwe kituo chako: daladala 603 inakwenda Mkoani, 606 Wete, 602 Konde. Toa pesa benki Chake au Wete kabla ya kuelekea kaskazini.

Kidike, njia ya Wete, kuna kundi la popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mabawa yao yakinyooshwa hufika kama mita 1.6. Fika alasiri, usipige makofi kuwarusha ili upate picha, ngoja waanze wenyewe kuondoka jioni. Kwa hiyo patana na bodaboda wa kukurudisha kabla hujaingia.

Konde ndiyo mlango wa msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Gari ya abiria haikufikishi ufukweni na hakuna duka, beba maji lita 2 kila mtu. Kwenda kisiwa cha Misali boti hukodishwa nzima, haikodishwi kwa kichwa: mkiwa wawili ni hasara, mkiwa sita ni nafuu. Tafuta wenzako kwenye gesti jioni ya kabla, na hakikisha bei mliyopatana imejumuisha mafuta na kusubiri. Ada ya hifadhi hulipwa mbali.

Msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa majamvini kando ya barabara. Piga picha kwa ruhusa, lakini usinunue kilo kwa mkulima ukazipakia begini. Ununuzi wa karafuu ni wa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na nje ya hapo huitwa magendo.

Picha na maandishi

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, jua halifiki chini mapema. Saa 3 hadi saa 4 asubuhi mwanga umeshuka ukutani na milango iliyochongwa inaonekana nakshi zake. Mnada wa samaki soko la Darajani ni asubuhi. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na karibu saa 1 kasorobo mwaka mzima, basi upande wa magharibi ndio wa jioni na mashariki ndio wa alfajiri.

Bandari, kambi za vikosi na majengo ya serikali usivipige picha. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kuirusha, na bila karatasi hiyo iache nyumbani. Mtu, omba ruhusa kwa kumtazama usoni. Akifunika uso na mtandio, hilo ni jibu. Mabega na magoti yafunikwe ukiwa mjini na vijijini, mwanamume pia.

Kila usiku kabla ya kulala andika nauli, namba ya gari, saa ya kuondoka na kufika, bei ya chumba na tarehe ya mwezi. Msomaji anayetaka kufuata njia yako anahitaji hizo kuliko sifa za mchanga mweupe, na baada ya siku mbili utakuwa umezichanganya. Picha zipakie usiku, mtandao unapokuwa mwepesi, na siku ya mwisho isiwe na chochote ila kuwa mjini, tiketi mkononi: upepo ukizuia boti kuondoka Mkoani, siku hiyo ndiyo itakayoziba pengo.