Jinsi ya Kufuatilia Urefu wa Mtoto Anayebalehe

Wazazi wengi wa Moshi huitunza kadi ya kliniki kwa uaminifu mpaka mtoto anapotimiza miaka mitano, kisha hawampimi tena, ilhali miaka inayoamua urefu wake wa utu uzima huja baadaye, homoni ya estrojeni inapoanza kazi ndani ya mifupa yake.

Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka la gegedu ambalo seli zake hugawanyika na kutanuka, kisha mfupa huchukua nafasi yake. Mwanzoni mwa balehe estrojeni huwa kidogo, nayo huuchochea mwili utoe homoni ya ukuaji kwa wingi, hivyo mtoto hurefuka kwa kasi. Estrojeni inapozidi, hujishika kwenye vipokezi (sehemu zinazopokea homoni) vya seli hizo za gegedu na kuharakisha kuchakaa kwake, hadi gegedu lote linapogeuka mfupa na urefu kukoma. Wavulana nao huihitaji, kwa kuwa mwili wao hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi: urefu wake ulikuwa sentimita 204, na gegedu lake lilikuwa halijafunga, yaani halijageuka mfupa.

Mpime mtoto kila miezi sita, asubuhi, kwa maana jioni uti wa mgongo huwa umejibana kidogo. Avue viatu, visigino na makalio yaguse ukuta, atazame mbele; weka kitabu kigumu juu ya kichwa (kama amesukwa, hakikisha kinagusa fuvu), tia alama, kisha upime kwa futi ya chuma, kwani ile ya fundi cherehani huvutika. Andika tarehe na sentimita daftarini. Kabla ya balehe, sentimita tano au sita kwa mwaka ni mwendo mzuri.

Kurefuka ghafla mapema kusishangiliwe tu. Msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana anayeonyesha dalili za balehe kabla ya miaka 9, huweza kuwapita wenzake darasani kisha akabaki mfupi, kwa sababu gegedu limewahi kufunga. Mpeleke kituo cha afya pamoja na daftari lile, uombe rufaa kwa daktari wa watoto, kwa mfano katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Huko huenda akapigwa eksirei ya kiganja cha kushoto ili umri wa mifupa ulinganishwe na umri wake halisi. Zipo sindano za kusitisha balehe kwa muda, lakini huokoa urefu gegedu likiwa bado wazi, kwa hiyo usisubiri avunje ungo. Akishafika hapo, kwa kawaida huwa amebakiza sentimita chache tu.