Namna ya Kuendesha Kozi ya Mtandaoni kwa Wanafunzi wa Sekondari na Watu Wazima: Maelekezo kutoka Tanga

Walimu wengi wanaotaka kufundisha kwa njia ya mtandao huanza na swali la kamera, nami nilianza hapo hapo. Niliazima kamera ya jamaa anayepiga picha za harusi, nikatundika kanga ukutani katika chumba changu kule Chuda, mjini Tanga, ili kuficha rangi iliyobabuka, nikarekodi somo la Hisabati la dakika 40 na kulituma kwa wanafunzi wangu wa kwanza. Baada ya wiki mbili niliuliza ni nani aliyelitazama hadi mwisho, na waliojibu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine walinieleza kwa adabu kwamba somo moja lilikuwa limemaliza bando lao la wiki. Tangu siku hiyo naamini kwamba kozi ya mtandaoni kwa watu wetu hubebwa na sauti nyepesi, ukurasa mmoja wa maelezo na jibu la mwalimu linalofika kwa wakati. Video huja baadaye, na pengine isije kabisa.

Mwanafunzi ni nani

Kabla ya kuandaa somo lolote, amua unamfundisha nani, kwa sababu wanaojiandikisha kusoma masomo ya sekondari ni watu wa aina tatu. Wa kwanza ni kijana aliye shuleni anayehitaji msaada katika somo linalomlemea. Huyu haruhusiwi kuwa na simu shuleni, na akiwa bweni utampata wakati wa likizo tu. Wa pili ni yule aliyemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumridhisha, na sasa anataka kurisiti akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Wa tatu ni mtu mzima ambaye hakusoma sekondari au aliiacha njiani, kwa ujauzito, kwa kufiwa na mzazi au kwa kukosa mahitaji, na ambaye hupita kwanza katika Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, QT, ndipo asajiliwe kwa mtihani wa kidato cha nne. Niliwahi kuwachanganya wote katika kundi moja nikidhani nimeokoa muda. Waliokuja kurisiti walichoka kusubiri, na watu wazima waliona haya kuuliza mbele ya vijana wa rika la watoto wao, hata kundi likabaki kimya kama msikiti baada ya sala.

Mwulize kila anayejiandikisha amesoma hadi wapi, anataka masomo gani, anatumia simu ya nani na saa ngapi simu hiyo huwa mikononi mwake. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Simu janja nyingi za nyumbani ni za watu wawili au watatu, na mwanafunzi anaweza kuwa anaipata saa mbili usiku tu, baba akisharudi. Hakikisha pia ni muhtasari upi atakaotahiniwa nao, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na maelezo uliyoyahifadhi tangu miaka ya nyuma huenda hayamfai tena.

Ratiba inayofuata maisha ya watu

Hapa ndipo mwalimu wa Tanga anapohitaji kufikiri sana kuliko mahali pengine popote. Wavuvi wa dagaa wanaoshushia samaki kwenye mwalo wa Deep Sea huvua kwa taa, kwa hiyo hutoka usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Kuwapangia kipindi cha kila Jumanne saa tatu usiku ni kuwaambia wasisome nusu ya mwezi. Mimi huwapangia masomo mapya katikati ya mwezi wa Kiislamu, takriban tarehe 12 hadi 17, na siku za giza nawaachia mazoezi ya kurudia yasiyohitaji kuwapo kwa saa maalumu. Kalenda ya mwezi imo katika nyumba nyingi za hapa, na wavuvi wenyewe hawana haja nayo; hutazama juu tu.

Mama lishe wa Ngamiani huamka kabla ya alfajiri kuwasha moto na hupata nafasi kati ya saa tisa alasiri na magharibi. Anayefanya kazi katika shamba la mkonge upande wa Muheza au Korogwe ana Jumapili, na pengine mahali anapokaa mtandao hushika juu ya kichuguu tu. Mwezi wa Ramadhani kipindi cha jioni hakina mtu, bali baada ya tarawehe watu wapo macho na wana utulivu. Kwa sababu hizi zote, kipindi cha moja kwa moja kiwe kimoja tu kwa wiki, na kila kinachosemwa humo kipatikane pia kwa aliyekosa.

Somo lenyewe

Ugawe kila mada katika vipande vidogo, na kila kipande kiwe na vitu vitatu: sauti isiyozidi dakika nane, ukurasa mmoja wa maelezo ulioandikwa vizuri na kupigwa picha, na maswali matatu au manne. Hesabu ya bando inaonyesha sababu. Sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ambayo inatosha kabisa kwa maneno ya mwalimu, hutumia takriban kilobaiti 240 kwa dakika, hivyo dakika nane hazifiki megabaiti mbili. Video ya kiwango cha chini, ya kilobiti 500 kwa sekunde, itatumia megabaiti 30 kwa muda huo huo. Video itumike pale tu ambapo jicho halina badala yake, kama vile kuonyesha namna ya kushika bikari katika kuchora pembe, na isizidi dakika mbili.

Kabla ya kurekodi, andika unachotaka kusema, kisha weka karatasi pembeni uzungumze. Sauti ya kusoma husikika, na mwanafunzi aliyechoka huizima. Funga dirisha, jifunike shuka ukihitaji kuzuia mwangwi (ndiyo, shuka, hakuna anayekuona), na subiri bajaji ipite.

Lugha inahitaji uamuzi wa makusudi. Masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, na watu wazima wengi hukwamia hapo ingawa akili ya somo wanayo. Eleza wazo kwa Kiswahili kwanza, kwa kitu wanachokijua: usanisinuru ni jani la mnazi kupika chakula chake kwa maji, mwanga wa jua na hewa ya ukaa. Wazo likishakaa, wape istilahi ya Kiingereza, waisikie mara tatu, waiandike, kisha waitumie katika sentensi fupi kama ile itakayotakiwa na msahihishaji. Mwalimu anayeanza na istilahi hukaririsha maneno, na anayeishia kwenye Kiswahili humwacha mtahiniwa mlangoni.

Kusahihisha

Usiku mmoja, saa nne kasorobo, mama lishe mmoja alinitumia picha ya daftari lake, ukurasa ukiwa na doa la mafuta pembeni. Mlinganyo ulikuwa 3x − 7 = 11, naye mstari wa pili aliandika 3x = 4, kisha akakwama kwa kuwa nne haigawanyiki kwa tatu. Ningeweza kumwandikia kwamba jibu ni 6, tukalala. Badala yake nilimtumia sauti ya nusu dakika: "Shikamoo mama. Njia yako ni nzuri hadi hapo kwenye saba. Hebu ufikirie mzani wa dukani unakonunua mchele: ukiongeza saba upande huu, upande wa pili utaufanyaje?" Muda si mrefu picha nyingine ikaja, 3x = 18, na chini yake x = 6 iliyopigiwa mistari miwili.

Hiyo nusu dakika ndiyo bidhaa unayoiuza. Maelezo ya mlinganyo yapo kila mahali bila malipo, lakini mtu wa kumwonyesha mwanafunzi huyu kosa lake hili hayupo. Kwa hiyo idadi ya wanafunzi ipangwe kwa uwezo wako wa kusahihisha: wanafunzi 25, kila mmoja mazoezi mawili kwa wiki, kila zoezi dakika tatu, ni dakika 150. Jiwekee ahadi ya kujibu ndani ya saa 24 na uwatangazie saa ambazo hujibu, la sivyo simu italia hadi usiku wa manane.

Ile shikamoo nayo ina kazi yake. Mwalimu kijana anayemfundisha mtu aliyemzidi umri amwamkie kama anavyostahili, naye atakuita mwalimu bila kinyongo. Makosa ya mtu mzima yasahihishwe faraghani, kamwe si mbele ya kundi.

Vifaa

Simu moja nzuri na kipaza sauti cha waya vinatosha kuanzia. Kundi la WhatsApp ambalo mwalimu pekee ndiye anayetuma masomo, pamoja na kundi la pili la maswali, litakufikisha mbali. Wanafunzi wakiwa wengi, Moodle ni programu ya bure inayotunza masomo, mazoezi na alama mahali pamoja, ingawa inahitaji mtu wa kuisimamia. Kwa vijiji visivyo na mtandao wa uhakika, Kolibri, programu nyingine ya masomo, huwekwa katika kompyuta moja na simu zilizo jirani husoma humo bila intaneti. Kipindi cha moja kwa moja cha Zoom bila malipo hukatika baada ya dakika 40, jambo ambalo binafsi naliona ni rehema. Uwe pia na nakala za karatasi: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kudorora nchini kote, waliokuwa na kurasa zilizochapwa waliendelea kusoma.

Ada na taratibu

Mtu anayepata fedha ya siku kwa siku hawezi kulipa muhula mzima kwa mkupuo, lakini kiasi kidogo cha wiki atakimudu. Chukua lipa namba kwa jina la biashara yako, utoe risiti kila malipo yanapoingia, na uwataje wazi watakaorudishiwa fedha na kwa sababu gani. Usijiite shule wala chuo kabla ya kusajiliwa. Ongea na Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yako pamoja na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambao watakueleza taratibu za vituo vya elimu nje ya mfumo rasmi. Majina, namba za simu na alama za wanafunzi ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usibandike alama kwenye kundi, na kwa aliye chini ya miaka 18 pata kwanza ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kuelekea mtihani

Kozi yako haimsajili mtu kwa mtihani. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka kupitia vituo vinavyotambuliwa na Baraza la Mitihani, wakati mtihani wenyewe wa kidato cha nne hufanyika Novemba, kwa hiyo anayejiunga Juni akidhani atafanya mtihani mwaka huo aelezwe ukweli kabla hajalipa. Anayechukua Fizikia, Kemia au Baiolojia atahitaji maabara kwa karatasi ya vitendo, na hilo uliafikiane mapema na shule iliyo jirani.

Mwezi wa mwisho nabadilisha kila kitu. Mwanafunzi aliyezoea kusikiliza sauti na kutuma majibu ya mistari miwili hushangaa mkono wake unavyouma akiandika kwa saa tatu mfululizo, na katika chumba cha mtihani simu haiingii. Jumamosi nne zinazotangulia, wote wanaoweza kufika hukutana katika darasa la kuazima, simu zikiwa ndani ya kikapu mlangoni, na huandika karatasi kamili ya miaka iliyopita kwa kalamu. Walio mbali huifanya nyumbani wakisimamiwa na ndugu, kisha hunipigia picha kurasa zote kwa mpangilio, namba ya ukurasa ikiwa imeandikwa juu upande wa kulia.