Kusoma kinasa data cha ndege bila kudanganywa na mchoro

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kazi hapa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, alinipigia simu jioni: "Yaya, kinasa kimekufa." Ukaguzi wa mwaka ulikuwa umefika, na data alizovuta zilionyesha usukani wa mkia umelala kushoto kabisa, kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi. Ndege ya namna hiyo isingefika. Kinasa kilikuwa kizima. Naandika tulivyofanya, maana mimi pia niliwahi kukwama hapo hapo.

Hatua ya 1: Jua umeshika kipi

Watu husema kisanduku cheusi, lakini kina rangi ya chungwa ili kionekane kwenye mabaki. Kwa kawaida ni viwili, vyote kwenye mkia. Kimoja kinatunza data za saa 25 za mwisho, kingine sauti za chumba cha marubani. Vinasa sauti vya zamani vinashika dakika 30 tu, vilivyofuata saa 2, kisha vinaandika juu ya yaliyotangulia. Kwa hiyo likitokea tukio, watu wakishatoka salama, kata umeme wa kinasa sauti mara moja. Ukichelewa, sauti unazozitafuta zitakuwa zimefutika.

Hatua ya 2: Vuta data

Unganisha kompyuta, nakili, weka nakala mbili. Sipendi kabisa kung'oa kinasa kwa ajili ya kusoma tu. Kila ukikitoa unachosha viunganishi vyake.

Hatua ya 3: Hakikisha ramani ya data

Hapa ndipo siku zinapotea. Kinasa hakiandiki "futi 4,300". Kila sekunde kinapokea "maneno" 64, au 128, au zaidi, yaani vifungu vya namba, kila neno likiwa na biti 12 (sifuri na moja). Sekunde nne zinafanya fremu moja. Ramani ndiyo inayokuambia neno gani ni mwinuko, lipi ni usukani, na uzidishe kwa ngapi. Ndege mbili za aina moja zinaweza kuwa na ramani tofauti, hasa kama moja ilifanyiwa marekebisho. Mimi nilibadilisha kebo, nikabadilisha kompyuta, nikaagiza hadi kihisi kipya, siku mbili nzima, kumbe ramani niliyopewa ilikuwa ya kabla ya marekebisho.

Anza na mwinuko ndege ikiwa chini. N'djili, uwanja wa Kinshasa, itoe karibu futi 1,000, Luano karibu 4,300. Tofauti ya futi 100 au 200 isikutishe: kinasa kinahesabu kwa shinikizo la kawaida la hewa, hektopaskali 1013, si la siku hiyo. Lakini usiishie hapo. Kwa mdogo wangu mwinuko ulikuwa sahihi kabisa. Ni usukani uliokuwa umehamishiwa neno jingine. Pitia kipimo kimoja kimoja. Na upande pia: ramani moja inahesabu kushoto kuwa chanya, nyingine hasi. Ukiwa na shaka, mweke mwenzako akanyage kanyagio, andika saa, vuta data upya, linganisha.

Inachosha, najua. Lakini mwaka 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliyekuwa anakuja kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Haikuwa na kinasa. Zaidi ya nusu karne baadaye Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania kuchunguza upya. Kinasa chenye ramani mbovu kinawaacha wafiwa gizani vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Tafuta majaribio ya rubani

Kabla ya kuruka, rubani husogeza usukani wote mpaka mwisho. Majaribio hayo lazima yaonekane kwenye data. Mdogo wangu alipoweka ramani sahihi, mstari ulirudi katikati, na pale N'djili, kabla ya injini kupandishwa nguvu, ukaenda kushoto, ukaenda kulia, ukatulia.