Jinsi ya Kuipatia Mali ya Biashara Yako Kazi ya Pili

Kabla hujakopa ili upanue biashara, chukua daftari uzunguke eneo lako la kazi.

Hatua ya 1: Andika kinacholala. Orodha ya mali yote mhasibu anayo. Wewe andika kile kisichofanya kazi, na lini: mashine inayozimwa mchana, gari linalorudi tupu, vipande vinavyofagiliwa kila jioni. Ongeza na visivyoshikika, kama ujuzi wa fundi usiotumika.

Hatua ya 2: Kieleze kwa sifa zake. Usiiharakishe hatua hii, ndiyo yenye mali. Ukiandika "chumba cha baridi", utaona bidhaa zako tu. Andika "nafasi yenye baridi isiyobadilika, ina kufuli, tupu Jumatatu hadi Alhamisi", na mara moja utawafikiria wauza maua na wapishi wa sherehe.

Mwanasaikolojia Karl Duncker alieleza jambo hili katika utafiti uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1945. Watu walipewa mshumaa, kiberiti na kiboksi cha pini, wausimamishe mshumaa ukutani. Kiboksi kikiwa kimejaa pini, wengi hawakuona kwamba chenyewe kingeweza kubandikwa kikaubeba mshumaa. Kikiwa kitupu, jibu lilionekana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usikae ofisini kuwaza. Nenda ukakitazame kitu chenyewe saa ambayo hakina kazi.

Hatua ya 3: Uliza wateja wanakifanyia nini. Play-Doh, udongo laini wa watoto kuchezea, ulianza kama kitu cha kusafishia masizi ya makaa ya mawe kwenye karatasi za ukutani huko Marekani. Nyumba zilipoacha makaa, mauzo yakashuka. Mwalimu wa chekechea akagundua kwamba watoto wanaweza kuufinyanga, na mwaka 1956 ukaingia sokoni kama kitu cha kuchezea. Mteja anayetumia bidhaa yako "vibaya" usimsahihishe haraka. Kaa naye.

Hatua ya 4: Tafuta gharama iliyojificha. Soma mkataba wa pango, bima na leseni. Huenda vinakataza matumizi mapya. Hesabu uchakavu, na nani atasafisha. Taarifa za wateja zina sheria zake: kama walikupa namba ili uwapelekee mzigo, usizitumie kwa jambo jingine bila idhini yao.

Hatua ya 5: Jaribu na mteja mmoja anayelipa. Hata kama ni kidogo, alipe. Cha bure kila mtu hukisifu. Panga tarehe ya mwisho na hasara utakayoivumilia, kisha muandikiane kwamba kazi yako ya kawaida ikihitaji kifaa hicho, yeye ndiye anayesubiri. Akikataa sharti hilo, tafuta mwingine.