Kupima maendeleo ya nchi: sakafu na dari zisihame

Nyumbani kwa bibi, fremu ya mlango wa jikoni ilijaa mistari ya mkaa. Kila likizo ya Desemba alitusimamisha wajukuu pale, mmoja mmoja, akatuchora urefu. Mwaka mmoja binamu zangu wote walinipita, nikawa wa mwisho, nikalia. Bibi akanionyesha mstari wangu wa mwaka uliotangulia. Nilikuwa nimepanda vidole vitatu.

Nimefundisha takwimu miaka mingi, na kila ninapofika kwenye faharisi za kulinganisha nchi, yaani namba moja inayojumlisha vipimo kadhaa, huanza na mlango ule. Kushika nafasi ya ngapi ni jambo moja, kukua ni jambo jingine.

Anza na mambo machache. Faharisi ya Maendeleo ya Binadamu, iliyoasisiwa na mchumi wa Pakistani Mahbub ul Haq na kutolewa na UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1990, ina mambo matatu tu: afya, elimu na kipato. Ukitaka kuongeza la nne, jiulize kama linasema kitu ambacho yale matatu hayajasema, na kama takwimu zake zipo kwa kila nchi na kila mwaka unaoutaka. Lisipokidhi yote mawili, liache.

Sasa hapa ndipo pa kukaza macho. Miaka, madarasa na dola havijumlishiki, kwa hiyo kila kimoja hupewa sakafu na dari, yaani kiwango cha chini na cha juu, kisha thamani ya nchi hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 1. Mwanzoni UNDP walichukua nchi ya chini kabisa na ya juu kabisa za wakati ule. Tatizo lake ni lile la binamu zangu: wa juu akipanda, wewe unaonekana umeshuka hata kama umepanda. Mwaka 1994 wakaweka mipaka isiyohama. Nawe fanya hivyo, tena uiandike kabla hujaona matokeo.

Tuchukue nchi ya mfano. Umri wa kuishi ni miaka 65, sakafu 20, dari 85: (65 − 20) ÷ (85 − 20) = 0.692. Elimu ina vipande viwili. Mtoto anayeanza shule anatarajiwa kusoma miaka 9 kati ya 18, yaani 0.5; watu wazima wamesoma wastani wa miaka 6 kati ya 15, yaani 0.4. Wastani wake ni 0.45.

Kwa kipato tumia logi (ln kwenye kikokotoo), hesabu inayopunguza uzito wa kila dola kadiri kipato kinavyopanda. Dola 500 zaidi kwa mwenye dola 500 kwa mwaka zinabadilisha chakula cha nyumba nzima. Kwa mwenye 40,000 hazionekani. Sakafu ni dola 100 na dari 75,000, zote zikiwa zimerekebishwa kwa uwezo wa kununua. Nchi yetu yenye pato la dola 2,500 kwa kila mtu ni mara 25 ya sakafu, na dari ni mara 750, hivyo inapata ln(25) ÷ ln(750) = 0.486.

Kuunganisha, wengi hujumlisha na kugawa kwa tatu. Mimi nakataa. Nchi yenye 0.9 ya afya, 0.9 ya kipato na 0.1 ya elimu ingepata 0.63, kana kwamba watoto wasiosoma wamelipiwa na mafuta yanayouzwa nje. Zidisha zote tatu, kisha tafuta kipeuo cha tatu: inashuka hadi 0.43. UNDP nao walihamia njia hiyo mwaka 2010. Nchi yetu ya mfano inapata 0.533.

Badilisha uzito kidogo, mathalani elimu ipewe nusu ya alama zote, uone kama mpangilio wa nchi unapinduka. Ukipinduka, waambie wasomaji wako waziwazi.

Kisha usichukue namba ya ripoti ya zamani ukaiweka kando ya ripoti mpya. Takwimu za nyuma husahihishwa, kanuni hubadilika, hata idadi ya nchi: 130 mwaka 1990, 193 katika ripoti ya 2023/24. Hesabu upya miaka yote kwa takwimu za toleo moja. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea grafu ya nchi inayoporomoka, iliyounganishwa kutoka ripoti mbili. Nilimrudishia. Alikaa wiki nzima akihesabu upya kila mwaka, na mstari wake ukapanda.