Nguzo za Tongoni: namna ya kufika na namna ya kuzitazama

Mgeni akija Tanga ataulizia mapango ya Amboni, ataulizia pa kuogelea, kisha atakata tiketi ya kurudi. Waja leo waondoka leo. Mimi ni fundi muashi, mtoto wa Ngamiani, na mtu akiniuliza aende wapi namwambia nenda Tongoni ukaone nguzo za makaburi. Wala simwambii kwa sababu ya picha, maana nguzo nyingi zimeshalala chini. Namwambia kwa sababu pale jengo limefunguka, unaona mpaka ndani ya ukuta, na fundi aliyelijenga zaidi ya miaka 500 iliyopita hana tena pa kuifichia kazi yake.

Tongoni iko kilomita kama 17 kusini mwa mji, kwenye barabara ya pwani iendayo Pangani. Kabla hujapanda gari muulize kondakta linapita wapi, kwa kuwa Pangani inafikika pia kwa kuzungukia Muheza, na huko hutaiona Tongoni hata kwa mbali. Mwambie akushushe njia panda ya magofu. Halafu usimtegemee sana, kaa mkono wa kushoto, upande wa baharini, uangalie kibao mwenyewe. Ukisikia watu wanashuka Kigombe, umepitiliza. Kutoka barabarani ni mwendo wa kilomita moja hivi kwa miguu, unakatiza kijijini, magofu yako ukingoni kabisa kuelekea bahari. Bodaboda hazikosekani, lakini kwa kilomita moja mimi natembea. Wazee wamekaa barazani. Piga shikamoo, sema unakwenda magofuni, na huwezi kupotea.

Nenda asubuhi. Saa moja na nusu mpaka saa tatu ndiyo saa yangu, na sababu si jua kali peke yake. Fundi wa lipu akitaka kukagua ukuta huangaza taa kutoka pembeni, ndipo kila bonde na kila kovu linajitokeza. Jua la asubuhi linafanya kazi hiyohiyo, linatoka baharini likiwa chini na kuzipiga nguzo ubavuni. Saa sita mchana kila kitu kinaonekana bapa, na utaondoka ukisema umeona mawe tu. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia ina matope na majani yanapanda juu. Si vibaya, ila vaa viatu vya kufunika vidole. Pale ni makaburini, kwa hiyo nguo iwe ya heshima, na mama zetu wabebe mtandio. Kuna kiingilio na kitabu cha wageni. Beba hela ndogondogo, na udai risiti.

Ukifika usikimbilie nguzo iliyosimama. Wote wanakimbilia hiyo, wanapiga picha, wanamaliza. Anza na zilizoanguka.

Lakini kwanza ujue unachotazama. Wenye uwezo wa karne ya 14 na 15 makaburi yao yalizungushiwa ukuta mfupi wa mawe, na upande mmoja wa ukuta ikasimamishwa nguzo. Pwani yetu makaburi ya namna hii yapo sehemu nyingi, Kaole pale Bagamoyo ni mojawapo, na nguzo zake zina maumbo tofauti: za pembe nne, za pembe nane, na za mviringo. Tongoni yako zaidi ya 20 kwenye kiwanja kimoja, na hakuna mahali pengine Afrika Mashariki yalikorundikana hivyo. Huo ni utajiri wa bandari, maana hakuna mtu anayejengewa nguzo ya chokaa na ndugu wenye njaa.

Sasa chutama kando ya nguzo iliyovunjika, utazame pale ilipokatikia. Ndani utaona mawe ya ovyo ovyo, vipande vya matumbawe vya kila ukubwa, vimezamishwa kwenye chokaa nyingi. Hakuna tofali wala nondo. Niliwahi kwenda na vijana wangu wa kazi, mmoja akaniuliza, “Fundi, hawa saruji walitoa wapi?” Nikamwambia walichoma bahari. Na ni kweli: matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi, yakamwagiwa maji, yakageuka unga. Chokaa hiyo ilifukiwa na kuachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Huu ndio upande ambao mafundi wa leo tunashindwa, hatuna subira. Mteja anataka nyumba kabla ya Ramadhani.

Kisha sogea kwenye pembe na kwenye mapambo. Hapo jiwe linabadilika, na hili ndilo ninalotaka ulione kuliko mengine yote. Jiwe la ukuta wa kawaida ni tumbawe kavu la nchi kavu, gumu, lenye matundu makubwa, halichongeki likakaa vizuri. Jiwe la pembe, la fremu za milango na la kibla, yaani kile kishubaka cha imamu kwenye gofu la msikiti, ni tumbawe lililokatwa likiwa bichi baharini. Likitoka majini ni laini, linaingia patasi kama muhogo. Likikaa juani na upeponi linakuwa gumu. Maana yake fundi alikuwa na muda maalumu wa kuchonga, na mistari yake unayoiona imenyooka ilinyooshwa jiwe likiwa bado na maji ya chumvi. Tazama vitundu vidogo vya duara vilivyosongamana, ndipo utalitambua. Tazama kwa macho. Ukucha tu unatosha kubandua chokaa ya umri huo.

Kwenye nguzo na kwenye kuta za makaburi tafuta vishimo vilivyochongwa kwa makusudi. Humo ndimo mabakuli ya kauri yalipopachikwa, mali ya China na Uajemi, yakiwa yametazama nje. Mabakuli yenyewe yameshachukuliwa, vimebaki viota vyake tu. Ukipata kigae ardhini kiache hapohapo. Kwa wanaochimba na kusoma historia, kigae kilichohamishwa ni sawa na ukurasa uliochanwa, na kwa wenye kijiji ni mali ya marehemu.

Jambo jingine la kupima kwa macho ni mwelekeo. Maka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka Tanga, kwa hiyo kibla ya msikiti wa hapo itafute ukuta wa kaskazini. Maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla, na kwa hesabu hiyo waliolala Tongoni vichwa vyao viko mashariki, upande wa bahari. Ukishajua hili, kiwanja chote kinakaa sawa kichwani mwako, hata pale kuta zilipobomoka. Ukiwa ndani ya msikiti tazama pia upana wa vyumba. Paa ya mawe ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vya majengo haya ni virefu na vyembamba. Mkoko ndio uliokuwa unachora ramani.

Pana makaburi mengine ya karne ya 18 na 19, hayana nguzo. Yapitie tu.

Watu wa dini watoe salamu ya makaburini wakiingia, Assalaam alaikum. Hata asiye Mwislamu asipande juu ya ukuta wa kaburi ili apate picha. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo na nimewashusha.

Ukimaliza, tembea mpaka baharini. Mbele yako kuna miamba na mafungu ya mchanga yaliyomtega Vasco da Gama: Aprili 1498 merikebu yake São Rafael ilikwama huku, kwenye pwani iliyoitwa Mtang'ata. Kumbukumbu ya safari ile inasema watu wa hapa waliwafuata kwa mitumbwi wakiwa na machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Mtu wa Muheza akisikia hivyo hashangai. Januari 1499, wakati wa kurudi, mabaharia wengi walikuwa wameshakufa na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, basi São Rafael ikachomwa moto hukuhuku. Geuka nyuma siku isiyo na mawingu utaiona milima ya Usambara, ileile ambayo Wareno waliipa jina la merikebu yao.

Saa mbili zinatosha kwa yote hayo. Ukiwa na mtoto anayeuliza, tatu. Maji beba ya kutosha, kivuli ni haba. Kurudi mjini, simama barabarani kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu gari zinazotoka Pangani jioni huja zimeshajaa, na kondakta akikuona na begi kubwa hata hasimamishi.